Mkataa Kwao na Kandanda la Wilayani

Mwulize kijana yeyote wa kidato cha tatu akutajie wachezaji kumi na mmoja wa Arsenal au wa Manchester United, naye atakutajia bila kusita, na juu yake atakuongezea wale wa akiba, bei walizonunuliwa, na majeraha yanayowasumbua magotini. Kisha mwulize timu ya wilaya yake itacheza na nani Jumamosi, na katika kiwanja gani. Hapo atainamisha kichwa, au atacheka. Sisi hatumlaumu kijana huyo peke yake, kwa kuwa kicheko hicho hakuzaliwa nacho. Alifundishwa na sisi wakubwa, tuliomzoesha kuamini kwamba mpira wa kweli huchezwa mahali pengine, na kwamba ule wa hapa nyumbani, ukiondoa wa Simba na Yanga, ni wa kupotezea wakati tu.

Madhumuni ya makala haya ni kuipinga imani hiyo. Twadai kwamba mtu afungaye safari ya basi kwenda kutazama mpira wa daraja la chini, katika mji asio na ndugu wala biashara, hapotezi nauli yake, bali anafanya kazi ya utamaduni ambayo wengi wetu tumeikimbia. Twadai pia kwamba taifa ambalo watazamaji wake wote wamejifungia katika vibanda umiza, wakiitolea macho runinga, litapokonywa viwanja vyake na timu zake mchana kweupe, na wala halitaijua siku ya kupokonywa.

Kwa miaka kadhaa sasa, sisi na wenzetu wachache tumekuwa na desturi ya kutembelea viwanja vya namna hiyo. Hatuendi kama waandishi wa habari, wala hatuna timu tunayoifuata. Tunashuka stendi asubuhi, tunakunywa chai kwa mama lishe, kisha tunauliza njia ya uwanjani. Swali hilo peke yake ni ufunguo wa mji. Ukiuliza njia ya hoteli utaonyeshwa kwa kidole tu. Ukiuliza njia ya uwanjani utaulizwa wewe unashabikia nani, utaelezwa kwa nini kocha hafai, na mwishowe atapatikana mtu wa kukusindikiza hadi mlangoni.

Na kiwanja chenyewe? Mara nyingi nyasi ziko pembeni, katikati ni vumbi. Mistari imechorwa kwa chokaa asubuhi ile, na mkono wa aliyeichora ulikuwa na haraka. Wazee wamekalia mabenchi yaliyoazimwa shule ya jirani. Watoto wasio na kiingilio wako juu ya mwembe, nao ndio wanaoona vizuri kuliko sote. Anayelinda lango ni fundi baiskeli, beki wa kulia ni mwalimu wa hisabati, na mshambuliaji wa kati amefika akiendesha bodaboda yake mwenyewe na ataondoka nayo kwenda kutafuta abiria. Mlinda mlango akifungwa goli la kizembe, hatukanwi kama anavyotukanwa mchezaji wa kwenye runinga, asiyesikia na asiyejali. Anakemewa kama mpwa anavyokemewa na mjomba, kwa sababu waliopo wanamjua mama yake, na kesho watampelekea baiskeli zao zilizopasuka mipira.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mtazamaji wa kibanda umiza ni mnunuzi wa tamasha. Hana analoweza kulibadili, na hakuna anayejua kama yupo. Mtazamaji wa kiwanja cha wilaya ni sehemu ya mchezo. Akikosekana, pengo lake huonekana. Akipiga kelele, husikika. Akilipa kiingilio, fedha ile ndiyo itakayoisafirisha timu wiki ijayo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakusema hayo kwa ajili ya mirathi tu.

Ndugu walimu, tazameni somo la historia lililotandazwa katika viwanja hivi. Songea kuna uwanja wa Majimaji, unaobeba jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Mbeya kuna uwanja wa Sokoine, Iringa wa Samora, Musoma wa Karume, Shinyanga wa Kambarage. Arusha kuna uwanja wa Sheikh Amri Abeid, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na mshairi aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Ni mataifa mangapi duniani yaliyokipa kiwanja cha mpira jina la mtu aliyewafundisha watu vina na mizani? Lakini mwanafunzi anayelisikia jina hilo redioni kila wiki hajaambiwa Amri Abeid alikuwa nani, na mwalimu wake wa fasihi hajafikiri kuanzia hapo.

Majina ya timu nayo ni daftari la uchumi wetu. Pamba ya Mwanza, Reli na Tumbaku za Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera: ukiyasoma majina hayo kwa utaratibu unaisoma nchi ya miaka ya 1970 na ya 1980, pale ambapo shirika la umma, kiwanda au chama cha ushirika kilikuwa na ngoma yake, kwaya yake na timu yake ya mpira. Mashirika yale yalipodhoofika, timu nyingi zilidhoofika pamoja nayo. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001, ikarudi katika Ligi Kuu mwaka 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kushuka alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuhitimu masomo siku ya kurudi. Nani aliyekuwa pamoja na timu hiyo katika miaka ishirini na mitatu ya katikati? Hakika si wale waliojaa uwanjani ilipoanza tena kukutana na Simba na Yanga. Walikuwa ni wachache waliokwenda kuitazama katika viwanja visivyo na paa, mbele ya watu mia mbili, wala hakuna gazeti lililowataja.

Na Stand United ya Shinyanga je? Jina hilo limetoka katika stendi ya mabasi, kwa kuwa timu yenyewe ilianzishwa na watu wa stendi, wale wapiga debe ambao sisi wasomi tumezoea kuwapita tukiwa tumekumbatia mikoba yetu. Watu hao waliijenga timu ikapanda hadi Ligi Kuu mwaka 2014. Tukitafuta mfano wa watu wa kawaida kujiletea jambo lao wenyewe bila kusubiri mfadhili, hatuna haja ya kuutafuta vitabuni.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu. Hoja yao ya kwanza ni kwamba mpira wa madaraja ya chini ni hafifu, na kwamba mtu mwenye akili hutazama kilicho bora. Tungekubali hoja hiyo kama ubora ungekuwa unaanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda daraja. Waliokuwa wakiitazama mwaka uliotangulia walikuwa wakiwatazama mabingwa bila kujua. Mbwana Samatta, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, na ambaye mwezi wa Januari 2020 alijiunga na Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, hakuokotwa Ulaya, alitoka Mbagala. Wale wanaomshangilia leo kwenye runinga wangeweza kumwona kwa nauli ya daladala, na hawakwenda.

Taifa Stars ilishiriki fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980, ikasubiri hadi mwaka 2019 kuzifikia tena: miaka 39. Sababu za kusubiri huko ni nyingi, na hatudai kuzijua zote. Lakini twauliza: mti ambao mizizi yake hakuna anayeimwagilia maji utazaaje matunda juu? Tunamwagilia matawi mawili tu, la Msimbazi na la Jangwani, kisha tunashangaa kwamba kivuli ni chembamba.

Hoja ya pili ni kwamba tabia hii ya kuzungukia viwanja ni ya kigeni, tumeiga kwa Wazungu. Ni kweli kwamba Uingereza kuna chama, kilichoanzishwa mwaka 1978, cha watu waliokwisha kutazama mechi katika viwanja vyote 92 vya ligi zao. Na Ujerumani wako wengi wanaosafiri kwa ajili hiyo hiyo. Nasi hatuoni haya kukiri kwamba wenzetu hao wanaupenda mpira wa vijiji vyao kuliko sisi tunavyoupenda wetu. Lakini anayesema kusafiri kwenda kutazama mashindano si mila yetu haijui mila anayoizungumzia. Usukumani, Bagika na Bagalu wamekuwa wakishindana kwa ngoma kwa vizazi kadhaa, na watu hutoka mbali kwenda kuona nani atawavuta watazamaji wengi zaidi. Maana katika mashindano yale mtazamaji ndiye mwamuzi, na upande anaoukimbilia ndio unaoshinda. Pwani na katika miji ya bara, vikundi vya beni vilisafiri na kupokewa na wenzao wa miji mingine, vikashindana kwa nguo, kwa gwaride na kwa nyimbo. Mtu aliyekwenda kutazama alikuwa mgeni mwenye heshima, aliyerudi kwao na habari. Kwa hiyo hatuigi. Tunarudisha desturi yetu katika mchezo ambao umekwisha kuwa wetu.

Kama ni kuiga, tutazame kwanza majina. Ligi iliyo chini ya Ligi Kuu iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, na iliyofuata ikaitwa Daraja la Pili. Majina hayo yalieleweka na mtoto na mzee. Leo ya kwanza inaitwa Championship, na ya pili inaitwa First League, yaani ligi ambayo ni ya tatu kwa cheo imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya “ya kwanza”. Mwaka 1967 nchi hii ilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Mabaraza hayo mawili ni mapacha. Iweje basi michezo ya taifa ione haya kuitwa kwa lugha ya taifa? Na jambo la kusikitisha ni kwamba huko huko viwanjani ndiko Kiswahili kinakokua bila kusaidiwa na mtu. Kandanda, kabumbu, chandimu, ndondo, mchangani, kanzu, tobo, dimba: hakuna kamati iliyokaa ikayatunga maneno haya yote. Mengine ni ya mashabiki na watoto wa mitaani. Mchezaji akipitishiwa mpira katikati ya miguu, kiwanja kizima hulipuka kwa neno moja, na hakuna anayehitaji kamusi.

Hata hivyo, jambo lililotusukuma kuandika si majina. Ni habari ya Ihefu. Wilaya ya Mbarali, katika bonde la Usangu, ni nchi ya mpunga. Timu yake ilichukua jina la ardhi oevu ya Ihefu, ikapanda Ligi Kuu, ikachezea kiwanja kidogo cha Highland Estates kule Ubaruku. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika hapo ikiwa haijafungwa katika mechi 49 za ligi. Ihefu iliifunga mabao mawili kwa moja. Rekodi ambayo vigogo wote walishindwa kuivunja ilivunjiwa kwenye mashamba ya mpunga. Kama kuna siku ambayo mkulima wa Ubaruku alijisikia yuko katikati ya Tanzania, ndiyo ile.

Haikupita miaka miwili. Mwaka 2024 timu hiyo ilikwisha kuhamishiwa Singida, na jina lake likabadilishwa kuwa Singida Black Stars. Hatusemi kwamba kanuni ilivunjwa, wala hatuna ugomvi na watu wa Singida, ambao nao wanastahili timu. Tunachosema ni hiki: nafasi katika ligi, iliyopatikana kwa jasho la mahali fulani, iliondoka mahali hapo kama gunia linavyopakiwa kwenye lori, na nchi nzima ikaendelea kula chakula cha jioni. Ungehamishwa mnara wa Msimbazi kwenda mkoa mwingine, barabara zingefungwa. Lakini timu ya wilaya ikihama tunaambiwa ni biashara. Na ni kweli, ni biashara, kwa sababu sisi watazamaji tulikwisha kuiacha iwe biashara. Mbuzi asiye na mchungaji haibiwi, huokotwa.

Na si timu tu zinazookotwa. Katika mji mmoja tulioupitia, tulikwenda kutafuta kiwanja cha shule ambacho wenyeji walituambia kilikuwa kikichezewa fainali za mkoa. Tulikuta fremu za maduka upande mmoja, gereji upande wa pili, na katikati goli moja la chuma limebaki, likianikiwa nguo. Tulimwuliza mzee mmoja kama watu hawakupinga. Alitujibu kwamba wakati wa kupinga ulipofika, hakukuwa na mchezo wala mtazamaji wa kuonyesha kwamba pale palikuwa kiwanja. Jibu hilo lilituumiza kuliko fremu zenyewe. Kiwanja kinacholindwa na hati peke yake kinaweza kutoweka. Kiwanja kilichojaa watu kila Jumamosi hakuna mkubwa atakayethubutu kukipima kwa kamba.

Tunapaswa pia kujikosoa wenyewe. Siku moja, katika kiwanja cha kusini, tulikuwa tukipiga picha ukuta uliobomoka na wavu wa goli uliofungwa kwa kamba za katani, tukisema ni vitu vya kupendeza. Mkata tikiti, mtu wa makamo, alitusogelea akatuuliza kwa upole: “Ndugu zangu, mmekuja kutuona, au mmekuja kuuona ubovu wetu?” Hatukuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo tumejiwekea masharti: tusiusifu umaskini, tusilipe nusu kwa kuwa ni wageni, wala tusipite bure kwa kuwa ni wasomi, tukae hadi mwisho, na tukiandika, tuandike majina ya wachezaji kabla ya kuandika habari za vumbi. Vumbi si utamaduni. Mwamuzi kutukanwa si utamaduni, wala mtu kumwaga maji ya mganga langoni kabla ya mechi si jambo la kulionea fahari. Anayependa kiwanja cha wilaya kwa dhati hutaka kipate nyasi, vyoo na kivuli, hata kama picha yake itapungua uzuri.

Wengine watatuambia kwamba mambo haya yatajirekebisha yenyewe, kwa kuwa nchi imepiga hatua. Tuna uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye uwezo wa kuchukua watu elfu sitini. Na mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilichaguliwa kuandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tunayafurahia mambo hayo. Lakini nyumba yenye sebule ya marumaru na vyumba visivyo na paa ni nyumba ya kuonyeshea wageni, si ya kuishi. Uwanja mkubwa hauzai mchezaji; humpokea aliyekwisha kuzaliwa mahali pengine, na mahali hapo ndipo tunapopatetea.

Ninyi walimu mna uwezo ambao chama cha mpira hakina. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwapa wanafunzi wake ramani ya ligi badala ya ramani ya mito pekee, wakaona timu ya Tabora inasafiri kilometa ngapi kufika Mtwara, na kwa gharama gani. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wakawahoji wazee: kiwanja hiki kilianza lini, nani aliling'oa jiwe la kwanza, timu ipi ilikufa na kwa nini. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapeleka na daftari wakaandike maneno wanayoyasikia jukwaani, yale yanayofaa kuandikwa. Na wale wanaosimamia UMISSETA wajue kwamba mashindano yale si likizo ya masomo. Mtazamaji mzuri wa kesho hulelewa pale anapokwenda kuishangilia shule yake katika kiwanja cha shule nyingine, akajifunza kushinda bila kutukana na kushindwa bila kurusha mawe.

Nanyi wanafunzi, hatuwaambii mwache kuitazama Ulaya. Jicho halina mpaka, na kizuri ni kizuri popote. Tunawaambia msiwe watu wanaojua njia za London na kupotea katika wilaya zao. Mkataa kwao ni mtumwa, hata kama minyororo yake ni jezi aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Jumamosi ijayo kutakuwa na mchezo mahali fulani karibu nanyi. Ulizeni ni wapi. Lipeni kiingilio, hata kama kuna tundu kwenye ukuta. Jueni jina la mlinda mlango. Na mkimaliza kukizoea kiwanja chenu, pandeni basi mwende kukiona cha wenzenu, ili nao wajue kwamba kuna mtu aliyetoka mbali akaja kuwatazama. Wilaya iliyozoea kutazamwa kwa heshima haitakubali timu yake ipakiwe kwenye lori.